SPANA ZENYE JINA LA DUKA: JE, ZAFAA KAZI YETU?

Na Fundi wa Karakana ya Reli, Nairobi



Safari hii sitaki kusema juu ya mishahara wala juu ya nyumba, ingawa neno langu mwisho wake litagusa mfuko wa kila mmoja wetu. Nataka kusema juu ya vyombo vya mkono, yaani spana, nyundo, koleo, bisibisi na ndugu zao. Na hasa vile vyombo ambavyo juu yake hakuna jina la kiwanda kilichofua chuma, bali kuna jina la duka lililokiuza.

Siku hizi ukiingia katika duka kubwa la vyombo hapa mjini utaona seti ya spana kumi na mbili katika mfuko wa nailoni, zimepakwa kromu hata waweza kuutazama uso wako, na juu yake pamepigwa jina la duka au jina ambalo mwenye duka amelitunga mwenyewe. Bei ni nusu, pengine ni robo, ya seti yenye jina la kiwanda kilichojulikana tangu zamani cha Ujerumani au Japani. Katika karakana yetu ubishi juu ya seti hizo hauishi, hasa saa ya chai. Wako wasemao kwamba zote ni takataka, ni bati lililopakwa rangi. Wako wengine wasemao kwamba chuma ni chuma, na mtu anunuaye ya bei kubwa amenunua majivuno tu. Mimi nasema pande zote mbili zinatazama kitu kisichotakiwa kutazamwa. Zinatazama jina.

Duka halina tanuru. Hilo ndilo jambo la kwanza kulishika. Spana nzuri huanza na kipande cha chuma cha pua kilichochanganywa na kromu na vanadiamu, kikatiwa moto mpaka kikawa chekundu, kikapigwa kwa nyundo kubwa ya mashine ndani ya kalibu mpaka kikapata umbo. Halafu mabaki ya pembeni hukatwa, mdomo huchongwa kwa kipimo, na spana hutiwa moto mara ya pili na kuzimishwa katika mafuta ili iwe ngumu. Baada ya hapo hupashwa moto mdogo tena ili ugumu ule upungue kidogo, isiwe kama kigae. Ndipo husuguliwa na kupakwa nikeli na kromu. Katika kila hatua mwenye kiwanda aweza kuiba. Aweza kutia chuma hafifu, aweza kupunguza muda wa moto, aweza kuchonga mdomo kwa kisu kilichokwisha makali. Na kromu inayong'aa hufunika yote hayo.

Mwenye duka yeye huagiza. Humwambia mwenye kiwanda: nifanyie spana laki moja, niandikie jina langu, na bei isizidi kadha wa kadha. Mwaka ujao akipata kiwanda kingine kinachodai bei ndogo zaidi, huhamia huko, na jina hubaki lile lile. Basi mwenzako aliyenunua seti yake miaka mitano iliyopita akikuambia, "Hii ni chuma kweli kweli, nenda kanunue," anasema kweli juu ya spana yake. Juu ya ile utakayoinunua leo hajui lo lote, hata kama jina, rangi ya mfuko na duka ni vile vile.

Ili jambo hili lisiwe maneno ya hewani, nitachukua mfano wa vyombo vya duka vilivyo mashuhuri kupita vyote duniani. Mfano wenyewe ni wa mbali, lakini una historia ya karibu miaka mia moja, nasi twaweza kuona mwanzo wake na mwisho wake. Tena mwanzo wake ni wa reli.

Katika mwaka 1886, huko Marekani, katika jimbo la Minnesota, palikuwa na wakala wa stesheni ndogo iitwayo North Redwood. Jina lake Richard Sears. Sanduku la saa za mfukoni lililetwa kwa treni, na mwenye duka aliyepelekewa akazikataa. Sears akazichukua yeye, akawauzia mawakala wenzake wa stesheni nyingine kandokando ya njia. Kutoka biashara hiyo ndogo likatokea duka la Sears, Roebuck, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa miongoni mwa maduka makubwa kabisa ya nchi ile, likiuza kila kitu kwa kitabu cha bei kilichopelekwa kwa posta mpaka mashambani. Katika mwaka 1927 duka hilo liliandikisha jina Craftsman kwa ajili ya vyombo vyake.

Sears haikuwa ikifua spana hizo. Wengine ndio waliozifua. Kwa miaka mingi spana na soketi za Craftsman zilitoka katika kiwanda cha Moore Drop Forging, huko Springfield, Massachusetts, na mafundi wa kule waliojua mambo walitafuta herufi V iliyopigwa kando ya jina. Bisibisi na koleo nyingi zilitoka Western Forge ya Colorado Springs, zikiwa na herufi WF. Tazameni, hata fundi wa Marekani hakuliamini jina la duka peke yake. Alitafuta alama ndogo ya mtu aliyekaa mbele ya tanuru.

Vyombo hivyo vilikuwa vyema. Havikuwa vizuri kupita vya Snap-on, ambavyo huuzwa kwa gari linalozunguka katika gereji na bei yake humtoa mtu jasho, lakini vilitosha, na bei yake mfanya kazi aliiweza. Jambo kubwa lilikuwa dhamana. Spana ya Craftsman ikivunjika, hata baada ya miaka thelathini, uliipeleka katika duka lo lote la Sears ukapewa nyingine bila kulipa na bila kuulizwa maneno mengi. Baba alimwachia mtoto seti yake, na mtoto akaenda kubadilisha ile iliyovunjika. Kwa muda mrefu hii ndiyo ilikuwa thamani ya kweli ya chombo kile, na duka lilistahili kusifiwa kwa hilo.

Hapa nitoke njiani kidogo, kwa sababu jambo hili lawahusu wafanya kazi. Racheti ile ambayo ukibonyeza kidude nyuma yake soketi huachia, ambayo leo iko katika kila sanduku, ilibuniwa katika mwaka 1963 na kijana aitwaye Peter Roberts, karani wa duka la Sears huko Massachusetts. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Sears walimwambia kwamba kitu chake hakina faida kubwa, wakampa mapatano ya senti 2 kwa kila racheti, na jumla yote isizidi dola 10,000. Halafu wakauza racheti hizo kwa mamilioni. Yule kijana alipokuwa mtu mzima akawapeleka kortini, na baraza la wazee wa korti likaamua alipwe dola milioni 1, na katika mwaka 1978 korti ya rufani ikakubali kwamba alidanganywa. Kesi nyingine zikafuata hata miaka ya 1980. Kwa hiyo mtu akikuonyesha jina la duka juu ya racheti na kusema "hawa ndio waliotengeneza," unaweza kumjibu kwamba hawakuifua na hata akili iliyomo si yao.

Sasa tazama mwisho wake. Katika miaka ya 2000 Sears ilianza kudhoofika. Ili kupunguza gharama, vyombo vingi vya mkono vya Craftsman vilihamishiwa viwanda vya China na Taiwan, na jina likabaki lile lile. Sisemi kwamba China haiwezi kufua chuma. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017 imejengwa na Wachina, injini zake zimetoka kwao, na tunajua zinavuta mzigo. Taiwan nayo hutoa spana nyingine ambazo mimi nisingezibadilisha na za Ulaya. Kiwanda cha China hukufanyia kitu chema ukilipia kitu chema, na hukufanyia kitu kibaya ukilipia kitu kibaya. Wenye vyombo wa Marekani walilalamika kwa sababu walikuwa wakilipa kwa ajili ya jina huku kitu kilicho chini ya jina kikibadilika.

Katika mwaka 2017 Sears iliuza jina la Craftsman kwa kampuni ya Stanley Black & Decker, kwa mapatano ya dola milioni 900 hivi pamoja na malipo ya baadaye. Fikirini hesabu hiyo. Halikuuzwa tanuru wala nyundo, liliuzwa neno moja. Mwezi wa Oktoba 2018 Sears ikaomba ulinzi wa korti kwa kufilisika, na maduka yake yakafungwa kwa mamia. Western Forge ilifungwa mwaka 2020. Wenye jina wapya walitangaza mwaka 2019 kwamba watajenga kiwanda kipya Fort Worth, Texas, chenye mashine za kujiendesha zenyewe, ili spana zifuliwe tena Marekani. Mashine hazikuelekea kama walivyotarajia, na katika mwezi wa Machi 2023 wakatangaza kukifunga, na wafanya kazi wapatao 175 wakapoteza kazi. Sikuona mahali po pote palipoandikwa kwamba jina Craftsman lilipoteza kazi.

Wenye jina wa sasa wanaendelea kuheshimu dhamana, kwa njia ya maduka mengine. Lakini mzee aliyezoea kutembea mpaka Sears ya mtaani kwake akakuta mlango umefungwa, amejua jambo ambalo nasi twapaswa kulijua: dhamana haikai ndani ya spana, bali hukaa ndani ya duka. Duka likifa, au likiwa mbali, karatasi yako haina kazi. Sisi Wakenya tumeona Nakumatt, iliyokuwa na matawi nchi nzima, ikifikia kuvunjwa kwa uamuzi wa wadai wake mwezi wa Januari 2020. Kwa hiyo ukiambiwa "garantii ya maisha," uliza ni maisha ya nani, yako au ya duka? Na kama uko Voi au Nanyuki, uliza pia nauli ya kurudisha spana ya sh. 300 mpaka Nairobi ni kiasi gani.

Haya, basi mfanya kazi afanye nini akisimama mbele ya meza ya duka?

Asitazame kung'aa. Achukue spana aipeleke mwangani atazame ndani ya mdomo. Kama pande mbili hazikwenda sambamba, au kama kuna uvimbe wa kromu ndani, airudishe. Mimi hutembea na nati mbili mpya mfukoni, ya milimita 13 na ya milimita 19, nami huzitia. Mwenye duka hukasirika kidogo lakini hawezi kukataa. Nati iingie bila kulazimishwa na isicheze. Ikicheza dukani, kazini itakula pembe za nati, na nati ikiisha pembe utahitaji patasi na nyundo na nusu siku. Soketi ichaguliwe yenye pembe sita ndani, si kumi na mbili, kwa kazi nzito, kwa maana ya pembe sita hushika ubapa wa nati na ile nyingine hushika karibu na ncha. Racheti izungushwe polepole karibu na sikio, huku ukiishika ile sehemu ya soketi kwa vidole. Meno yasikike yakiangukia kwa kipimo kimoja. Racheti inayoruka meno ikiwa mkononi tupu itaruka zaidi ikiwa na mzigo, na siku hiyo vifundo vya vidole vyako ndivyo vitakavyopokea chuma.

Koleo zifungwe na kutazamwa mwangani. Midomo ya kukatia isipokutana, hazitakata waya bali zitautafuna. Nyundo itazamwe mpini wake: mishipa ya mti iende kwa urefu wa mpini, isikatishe. Tena usigonge nyundo kwa nyundo ili kujaribu, kama wafanyavyo vijana, kwa sababu uso wa nyundo ulio mgumu kupita kiasi hurusha kipande, na jicho halina spea. Futi ya kupimia ilinganishwe na futi nyingine unayoiamini, kuanzia mwanzo hata mwisho, maana ndoano ya mbele ikilegea vibaya kipimo chote ni uwongo.

Na kwa mafundi wa umeme nasema kwa sauti kubwa: mpini wa plastiki nyekundu na njano si kinga ya umeme. Rangi hiyo hata duka la vitu vya watoto laweza kuitia. Chombo kilichopimwa kwa kazi ya umeme hupigwa alama ya pembetatu mbili pamoja na maandishi 1000 V, kwa sheria ya kimataifa ya IEC 60900. Kisipokuwa na alama hiyo, kihesabu kama chuma kitupu. Na hata kikiwa nayo, kama bei yake inafanana na bei ya soda mbili, jiulize mara ya pili nani aliyeipiga hiyo alama. Katika jambo hili mimi siitetei bei ndogo hata kidogo.

Juu ya spana waweza kukuta namba DIN 3113, ambayo ni kanuni ya Kijerumani ya spana zenye mdomo upande mmoja na pete upande mwingine, au namba ya ISO. Namba hizo ni jambo zuri, kwa sababu kanuni ya aina hii hutaja nguvu ambayo spana ya kipimo fulani lazima iivumilie bila kuharibika. Lakini kupiga namba ni rahisi kuliko kuzifuata. Mimi huhesabu namba pamoja na mambo mengine, siihesabu peke yake. Maandishi "Chrome Vanadium" ndiyo siyahesabu kabisa, maana nimeyaona hata juu ya vyombo vilivyopinda kama mkate.

Kwa sisi wa reli kuna shida nyingine ambayo mwenye duka haijui. Seti nyingi zinazouzwa ni za milimita. Lakini injini zetu za dizeli za zamani zilizotoka Marekani zina bolti za inchi. Bolti ya nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 huingia, lakini huacha nafasi, na ukiwa na spana hafifu inayofunguka mdomo nafasi hiyo huongezeka kila siku. Ya robo tatu za inchi ni milimita 19.05, na hapo spana ya 19 kwa kawaida hushika, ndiyo maana watu hudhani zote ziko hivyo. Ya saba-kwa-nane ni milimita 22.2. Spana ya 22 haiingii, ya 24 inaelea. Basi hata seti njema ya duka, ikiletwa katika kazi isiyo yake, itaonekana mbaya, na hapo kosa ni la mtu aliyeinunua bila kuuliza bolti ni za namna gani. Mara nyingi mtu huyo hukaa ofisini.

Sasa bei. Tuseme spana ya duka ni sh. 300 na katika kazi ya kila siku ya karakana yadumu miezi minane. Kwa mwaka umelipa sh. 450, na kwa miaka sita umelipa sh. 2,700. Tuseme ya kiwanda ni sh. 1,200 nayo yadumu miaka sita. Hesabu hii ni ya darasa la nne, nayo yaonyesha nani aliyetumia fedha nyingi. Lakini igeuze. Mtu aliye na baiskeli na mlango wa kuku nyumbani, ambaye hushika spana Jumapili moja kwa mwezi, ile ya sh. 300 itamfaa miaka kumi. Akinunua ya sh. 1,200 amezika sh. 900 ambazo zingalinunua madaftari. Kwa hiyo nasema bila haya kwamba kwa kazi ya nyumbani mimi mwenyewe hununua vyombo vyenye jina la duka, nikivichagua mmoja mmoja na siyo kwa seti, kwa sababu katika seti ya kumi na mbili tano hazitatoka mfukoni kamwe. Na bisibisi, kipande cha msumeno wa chuma, brashi ya waya, vitu viishavyo upesi kwa asili yake, sioni sababu ya kuvilipia jina la Ulaya.

Wala wasisahauliwe mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Patasi iliyofuliwa pale kwa mkono, na mtu unayeweza kumrudia kesho na kumwonyesha kosa lake, mara nyingi hushinda patasi ya duka. Fuawe zao nyingi ni vipande vya reli. Vimetoka wapi, hilo si jambo la gazeti hili leo.

Lakini kazi ya karakana, kazi ya chini ya behewa, kazi ya breki na ya kiunganishi, hiyo ni habari nyingine, na hapa nafika mahali panapotuhusu kama chama. Spana ikifunguka mdomo mtu akiwa amelala chini ya behewa anavuta kwa uzito wote, haivunjiki spana tu. Dhamana ya duka, hata ikiwa ya kweli, hurudisha spana. Kidole hakimo katika dhamana.

Katika kampuni moja ya uchukuzi, ambako nilifanya kazi kabla ya kuingia reli, vyombo vyote vilinunuliwa kwa bei ya chini kuliko zote, na vilipovunjika fundi alikatwa mshaharani. Mwenzangu mmoja alikatwa sh. 800 kwa racheti ambayo meno yake yalikwisha kwa muda wa wiki tano. Hakuna aliyeuliza racheti ile ilikuwa ya namna gani. Msimamizi alisema neno moja tu: "Chombo kilikuwa mkononi mwako." Nasikia kutoka kwa wenzetu wa sehemu nyingine kwamba desturi hii haijafa.

Basi someni sheria. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea iliyokuwa mikononi mwake kihalali, lakini ni pale tu ambapo uharibifu umetokana na kosa la makusudi la mfanya kazi. La makusudi. Chombo hafifu kilichovunjika katika kazi yake cha kawaida si kosa la makusudi la mtu ye yote, isipokuwa pengine la aliyekinunua. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama wa wote wafanyao kazi hapo, na penye watu 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama yenye wajumbe wa wafanya kazi ndani yake.

Waajiri nao wana neno lao, na si haki kulificha. Husema kwamba mafundi hutia bomba katika mkono wa spana ili kuongeza nguvu. Ni kweli, tunatia. Spana ya sentimita 30 ukiirefusha kwa bomba hata ikafika sentimita 90, unaitia nguvu mara tatu, na hakuna kiwanda duniani kilichoahidi kwamba itavumilia. Lakini tuulize kwa nini bomba linatiwa. Linatiwa kwa sababu mkono mrefu unaofaa haumo katika stoo, na bolti yenye kutu ya miaka ishirini haitafunguka kwa maombi, na msimamizi anataka behewa litoke saa kumi. Mtoe bomba mtupe mkono mrefu, ndipo mtulaumu.

Ushauri wangu kwa kila mwanachama ni huu: chombo kikivunjika usikitupe. Weka vipande vyote viwili, andika tarehe, kazi uliyokuwa ukiifanya na jina la shahidi. Chuma chenyewe hutoa ushuhuda. Mdomo uliofunguka bila kupasuka waonyesha chuma laini. Mahali palipovunjika pakiwa na chembe kubwa zinazometa kama sukari, moto wa kiwandani haukuwa sawa. Pakiwa na sehemu moja nyeusi au yenye kutu na sehemu nyingine safi, ufa ulikuwapo tangu zamani, nawe umeumalizia tu. Mjumbe akienda ofisini na vipande mkononi atasikilizwa kuliko akienda na maneno.

Kwa hiyo naomba halmashauri ya tawi iyaweke mambo haya katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja yatakayofuata. Mwajiri akitaka kununua vyombo vya karakana, fundi wawili wanaovitumia wavione na kuvijaribu kabla ya fedha kutoka, bila kujali jina lililoandikwa juu yake. Vyombo vya umeme visivyo na alama ya 1000 V visipokelewe stoo. Spana za inchi na za milimita zinunuliwe kwa kadiri ya bolti zilizopo. Na mtu ye yote asikatwe senti kwa chombo kilichovunjika mpaka kamati ya usalama imekitazama chombo chenyewe.

Wajumbe wa sehemu ya mabehewa na ya injini wamekwisha kuanza kukusanya vipande vilivyovunjika. Viko katika debe la rangi nyuma ya jiliwa ya pili, upande wa mlango wa mashariki. Mwenye chake akilete, pamoja na karatasi yake.